Pua Si Shahidi wa Kutosha: Mrihani, Kivumbasi, Nanaa na Ndugu Zao

Hotuba kwa wauza viungo, wapishi na wakulima wa bustani, Mtwara mjini

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zangu wa sokoni, wapishi, vijana wa bustani mliotoka Naliendele, Msijute na Mikindani: shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa, niingie kazini kabla joto halijanyong'onyeza matawi haya.

Nimeombwa nizungumze juu ya majani na mbegu za jikoni zinazofanana, na majina yake ya kibotania. Waandaaji walitegemea nije na picha za kuonyesha ukutani. Nimekuja na ndoo, trei na lenzi, kwa sababu picha haishikiki. Na naona wengine mmeshaanza: mtu akikabidhiwa jani, kitu cha kwanza analipeleka puani. Siwalaumu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini leo nataka pua ikae nafasi ya pili. Pua ni shahidi, na tumsikilize, ila akiachwa atoe hukumu peke yake atawafunga wasio na hatia.

Ndoo nyekundu kwanza. Humo mna matawi ya mimea mitatu. Mmoja kila muuzaji atauita mrihani: huu wenye majani laini, unaofungwa kwenye vikuba pamoja na asumini. Mingine miwili yote mtaniambia ni kivumbasi. Mmoja ni kichaka kinachofika kimo cha mtu na kuzidi, na shina lake la chini limekuwa gumu la kukata kwa panga. Mwingine ni mdogo, unajiotea kando ya barabara na pembeni mwa mashamba ya mihogo, ukivuka goti umejitahidi.

Tumieni vidole. Chukua shina changa, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Halizunguki vizuri, linagota, kwa sababu lina pande nne. Tazama majani: yanatoka mawili mawili yakikabiliana, na jozi inayofuata imegeukia upande mwingine, hata ukichungulia kwa juu unaona msalaba. Ua lina midomo, wa juu na wa chini. Ukikuta dalili hizo pamoja, na jani lina harufu kali, karibu kila mara umo katika familia ya Lamiaceae. Humo wamo mrihani, nanaa, oregano, thaimu na rozimari. Familia tumeipata, na bado hatujajua chochote cha kumwambia mteja.

Sasa lenzi. Ua likishadondoka hubaki kikombe kidogo cha kijani ambamo mbegu hukomaa. Wengi hatukitazami kwa sababu si kizuri, na ndicho chenye siri yote. Kwenye jenasi ya Ocimum, yaani ukoo mdogo ndani ya familia hiyo, kikombe hicho kina kipande kimoja cha juu kilicho kipana na cha mviringo, kimekunjukia nyuma, na mbegu zinapokomaa kikombe chote huinamia chini. Nanaa haina kitu hicho. Oregano haina. Ukikiona, umefika kwenye Ocimum.

Linganisheni vikombe vilivyokomaa. Kwenye mrihani, ambao ni Ocimum basilicum, mdomo wa kikombe uko wazi, na ukichungulia ndani utaona duara la vinyweleo. Kwenye kivumbasi kikubwa, Ocimum gratissimum, mdomo umefumbwa: vijino vya chini vimepanda juu vikabana, kama mtoto anayekataa uji. Tazameni tena, pokezaneni lenzi, hapa sina haraka. Mtu akishaliona jambo hili kwa jicho lake hahitaji tena kuniamini mimi wala muuza mbegu. Kivumbasi kidogo, Ocimum americanum, mdomo wake uko wazi, hivyo kwa dalili hii yuko karibu na mrihani kuliko huyo mkubwa anayeshiriki naye jina. Kinachomtenga na mrihani ni udogo wa maua na vikombe vyake. Na msidanganywe na hilo americanum. Asili yake ni huku kwetu Afrika, na Asia.

Yupo wa nne ambaye sikumleta kwa sababu makao yake ni milimani: Ocimum kilimandscharicum, aliyepewa jina na Mjerumani Max Gürke mwaka 1895, ndiyo maana Kilimanjaro yetu imeandikwa kwa tahajia ya Kijerumani. Majani yake yana manyoya mengi, yana rangi ya kijivujivu, na ananukia kafuri waziwazi. Huyo naye akishuka sokoni ataitwa kivumbasi. Na wale walioishi karibu na majirani zetu Wahindu wanaikumbuka tulasi, Ocimum tenuiflorum, yenye shina la zambarau na vinyweleo. Kwa hiyo katika jenasi moja tuna watano, na majina ya sokoni mawili matatu ya kuwagawia.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji lenzi, kinataka glasi mbili za maji. Mbegu za mrihani ni nyeusi, na ndizo zinazotiwa kwenye faluda. Zimwagie maji, subiri dakika chache: kila mbegu inavaa ute mweupe na kuvimba. Sasa mwagia maji mbegu za kivumbasi kikubwa, hizi za kahawia zenye umbo la duara. Mtasubiri mpaka adhuhuri. Hazitavaa ute wa namna hiyo. Mtu akikuuzia pakiti ya mbegu za mrihani, chota chache uzijaribu hapo hapo dukani. Maji hayana gharama.

Bibi mmoja hapa mbele ananiambia, "Mwanangu, mimi kivumbasi nakijua tangu hujazaliwa." Ni kweli, Bibi, na sibishani. Anachokijua ni kile kinachowekwa dirishani jioni mbu wasiingie, na kinachochemshwa kwa kujifukizia mafua. Kwa kazi hizo, mkubwa au mdogo, mambo yameenda. Hata watafiti wa kaskazini mwa nchi yetu wamepima vivumbasi kwa ajili ya kufukuza mbu, wakakuta bibi zetu walikuwa na hoja. Tatizo linaanza pale jani linapotoka dirishani na kuingia chunguni.

Yupo mama mmoja humu ukumbini, simtaji. Mpishi wa hoteli fulani aliagiza mrihani, akiutaja kwa jina la Kizungu. Kijana wa manunuzi akauliza huku na huko, akaambiwa hicho ni kivumbasi. Mama akapeleka fungu zuri, bichi, safi, la Ocimum gratissimum. Mpishi akalisaga na korosho, mafuta na jibini apate sosi ya tambi. Sosi ikatoka na ladha ya dawa ya jino. Fungu likarudishwa, na fedha hazikulipwa. Ukifuatilia, hakuna aliyedanganya: kila mmoja alitumia jina alilolijua, na hasara ikamwangukia mwenye jasho.

Ile ladha ya dawa ya jino haikuwa matusi ya mpishi. Kivumbasi kikubwa mara nyingi kina eugenoli kwa wingi, ambayo ndiyo kemikali iliyojaa kwenye karafuu za Pemba na Unguja, na madaktari wa meno wanaitumia tangu zamani. Lakini hebu sikilizeni mambo yanavyogeuka. Kuna Ocimum gratissimum nyingine, spishi ile ile, yaani aina ile ile ya mmea, kikombe kimefumbwa vile vile, ambayo hainukii karafuu hata kidogo. Inanukia thaimu, kwa sababu imejaa thimoli. Wataalamu huziita tofauti hizi kemotipu: mmea mmoja kwa umbo, mafuta mawili tofauti kwa ndani. Zamani baadhi ya vivumbasi vya Afrika Mashariki viliandikwa kama spishi ya peke yake, Ocimum suave, na ripoti nyingi za dawa ya mbu bado zina jina hilo. Leo vinahesabiwa ndani ya gratissimum. Waliotazama kikombe hawakuona sababu ya kuwatenganisha.

Mrihani nao ni hivyo hivyo. Upo wenye linaloli nyingi, harufu tamu ya maua. Upo wenye estragoli, ambao mtu akiunusa atasema umechanganywa na shamari. Wote ni Ocimum basilicum. Ule wa Kiitaliano wa majani mapana, ule wa Kitailandi wa shina la zambarau, spishi ni moja.

Sasa geuza upande wa pili: mimea isiyo na undugu wowote inayonukia sawa. Kemikali iitwayo sitrali ndiyo harufu ya mchaichai. Sitrali hiyo hiyo imo kwenye mrihani wa ndimu, Ocimum × africanum, chotara la mrihani na kivumbasi kidogo. Mmoja ni nyasi, ndugu wa mtama na muwa. Mwingine ni ndugu wa nanaa. Pua haioni tofauti ya familia, inaona kemikali tu.

Na kwa kuwa nimeutaja mchaichai, nikiri mipaka ya kanuni yangu. Nasema tazameni ua, lakini mchaichai wetu, Cymbopogon citratus, huchanua kwa nadra sana. Mtakaa naye miaka bila kuona ua. Ndugu yake anayekamuliwa mafuta ya kufukuza mbu, Cymbopogon nardus pamoja na Cymbopogon winterianus, anafanana naye kwa mbali hata shambani watu wanachanganya vipando. Hapo shuka kwenye kitako cha shina: wa chai ni wa kijani iliyopauka, wa mbu ana wekundu au zambarau. Ukichemsha huyo wa pili, chai yako itakuwa na ladha ya sabuni ya mche. Mtafahamu wenyewe.

Ndoo ya bluu ina nanaa. Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu nanaa zina tabia ya kuzaana ovyo na machotara ni mengi kiasi kwamba hata wataalamu wanagombana. Mawili tu ya kushika. Ile inayotiwa kwenye chai na kachumbari kwa kawaida ni Mentha spicata, ambayo jani lake limekaa shinani karibu bila kikonyo. Ile yenye ubaridi wa peremende, yenye mentoli, ni Mentha × piperita, na jani lake lina kikonyo kifupi kinachoonekana. Hiyo alama ya kuzidisha katikati ya jina inamaanisha ni chotara: mzazi mmoja ni hiyo hiyo spicata, mwingine ni Mentha aquatica. Chotara huyu kwa kawaida hatoi mbegu zenye uhai, anaenea kwa mizizi na matawi. Basi ukiona pakiti ya mbegu imeandikwa nanaa ya peremende, ndani kuna kitu kingine. Rudisha.

Nanaa ya chai inanukia hivyo kwa sababu ya kemikali iitwayo kavoni. Iwekeni akilini, tunahamia kwenye trei.

Trei hizi zina mbegu za familia nyingine, Apiaceae, ile ambayo maua yake yamepangwa juu ya vijiti vinavyotoka sehemu moja na kufunuka mfano wa mwavuli. Hapa pwani neno binzari linabebeshwa mizigo mingi: kuna anayemaanisha manjano, kuna anayemaanisha unga mzima wa mchuzi, na kuna binzari nyembamba, yaani uzile, Cuminum cyminum. Huo ndio wa pilau. Pembeni yake nimeweka kisibiti, Carum carvi. Wapishi wazoefu mnajua tofauti, lakini duka la jumla linaweza kumwaga gunia moja juu ya jingine bila kukonyeza. Tazameni kwa makini: kisibiti kimepinda kidogo, rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, na mistari yake iliyopauka inaonekana wazi. Uzile umenyooka zaidi, rangi yake inaelekea njano, na chini ya lenzi una vinyweleo. Shamari, Foeniculum vulgare, ni kubwa na ina ukijani. Anisi, Pimpinella anisum, ni ndogo, imejaa kama tone, na mara nyingi imebaki na kijiti chake.

Kisibiti kinanukiaje? Kuna kavoni. Ndiyo, jina lile lile la kwenye nanaa. Molekuli ni zile zile, atomu zile zile, zimeunganishwa kwa mpangilio ule ule, ila moja imegeuka kama inavyoonekana kwenye kioo, kulia imekuwa kushoto. Pua ya binadamu inazitofautisha vizuri sana: ya kushoto inaita chai ya nanaa, ya kulia inaita mkate wa Wajerumani wenye kisibiti. Mimi jambo hili linanifurahisha kupita kiasi, mnisamehe. Mahali hapa pua inastahili heshima kamili, maana imeona ambacho mizani isingeona.

Mara nyingine, hata hivyo, pua ya huyu si pua ya yule. Majani ya giligilani, wengine mnaita kotmiri, Coriandrum sativum, kwa watu wengi yanapendeza. Kwa wengine yananukia sabuni, na hawajidekezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha jambo hilo na sehemu ya urithi iliyo karibu na jeni za kunusa, mojawapo OR6A2. Kwa hiyo ukimtuma mtu wa namna hiyo akakuchagulie giligilani kwa harufu, mwonee huruma. Mwambie aangalie majani: ya chini ni mapana yenye ncha butu, ya juu karibu na ua yamechanika kuwa nyuzi. Paseli, Petroselinum crispum, ana vijani vyenye ncha kali na vya kijani kilichokolea, na hawi nyuzi namna hiyo.

Mpaka hapa makosa tuliyoyataja yanaharibu chakula au biashara tu. Lipo linaloharibu mtu. Shamari na anisi zinapata harufu yao kutoka kwa anetoli. Anetoli hiyo imo pia kwenye kile kiungo chenye umbo la nyota ya ncha nane kinachotoka China na Vietnam, Illicium verum, ambacho hakina undugu wowote na shamari. Nyota hiyo ina ndugu wa damu huko Japani, Illicium anisatum, mwenye sumu iitwayo anisatini. Zikishakaushwa, nyota hizo mbili zinafanana mno. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya chai ya nyota hizo baada ya watu, wakiwemo watoto wachanga, kupatwa na degedege na kutapika. Wale waliwapa watoto wao kitu wakidhani ni cha kutuliza tumbo. Kwa nyota zilizokauka, mimi binafsi sinunui zilizosagwa wala zilizomwagwa wazi bila jina la mzalishaji, na sitaki kumpa mtoto mchanga hata zile nzuri.

Wapishi wa hoteli sasa, maana mmeniuliza tangu asubuhi kuhusu oregano. Oregano na majoramu zote ni Origanum, zote zinatoka pande za Mediterania, na zikishakauka ndani ya chupa hakuna anayeweza kula kiapo. Zikiwa hai, ni rahisi. Oregano ni Origanum vulgare: kikombe chake cha ua kina meno matano yaliyo sawa, na maua yamekaa katika mafungu yaliyolegea. Majoramu ni Origanum majorana: majani ya kijivu laini, vichwa vya maua vimejikunja kuwa vifundo vya duara, na kikombe kimepasuka upande mmoja mpaka kimekuwa kama jani dogo moja tu linalolikumbatia ua. Ndiyo, mnaona, kikombe tena. Majoramu ni mpole na mtamu, anafaa samaki wa kuchoma bila kumfunika. Oregano yenye kemikali ya kavakroli inachoma ulimi na inafaa nyanya na nyama.

Ila msije mkanunua mbegu zilizoandikwa Origanum vulgare mkadhani mmemaliza. Spishi hiyo ina matawi yake ya ndani, yanayoandikwa kwa kifupi subsp. Ile ya Ugiriki, subsp. hirtum, yenye maua meupe, ndiyo kali. Ile ya kawaida ya Ulaya, subsp. vulgare, yenye maua ya waridi, inaweza kuota vizuri, ikastawi, ikachanua, na isiwe na ladha ya kukumbukwa. Na chupa ya oregano ya Mexico haina Origanum kabisa. Ni Lippia graveolens, wa familia ya Verbenaceae. Halafu kuna huyu hapa, mwenye majani manene yenye maji na vinyweleo, ambaye watu wengi duniani wanamwita oregano pia. Anaota mwenyewe Afrika Mashariki na Kusini, hahitaji kubembelezwa, na kwa hali ya hewa ya Mtwara mimi ningempanda yeye kabla ya kuhangaika na Mgiriki anayeoza mizizi masika. Ni Coleus amboinicus.

Au Plectranthus amboinicus. Vitabu vingi vina hilo la pili, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa na majina ya kibotania: tumeambiwa ni ya kudumu, mbona yanabadilika? Mfumo wa maneno mawili tunauhesabu tangu 1753, kwa kazi ya Carl Linnaeus wa Sweden. Neno la kwanza ni jenasi, linaanza kwa herufi kubwa. La pili linataja spishi, kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mlima. Kitabuni huandikwa kwa herufi za mlazo. Neno la pili halibadiliki ovyo. Jenasi ndiyo inayohama pale utafiti unapoonyesha kwamba mmea uliwekwa kwenye kundi lisilo lake. Huyu wetu aliitwa Coleus mwaka 1790, akahamishwa, na mwaka 2019 akarudishwa baada ya vinasaba kuchunguzwa. Rozimari, iliyokuwa Rosmarinus officinalis, mwaka 2017 ilionekana imo katikati ya jenasi ya Salvia, sasa ni Salvia rosmarinus. Jina la zamani halifutwi; linabaki kwenye orodha kama jina linalolingana, nawe ukilitafuta unaelekezwa kwenye jipya. Jina la sokoni likipotea halielekezi popote.

Badiliko moja lilikuwa la heshima. Julai 2024 wanabotania walikutana Madrid wakapiga kura kwamba majina yenye neno caffra, lililotokana na tusi walilotukanwa Waafrika, kuanzia 2026 yaandikwe affra. Mng'ongo wetu umo katika orodha hiyo: Sclerocarya birrea subsp. affra. Ilichelewa, lakini imefanyika.

Basi kwenye kifurushi mnachopeleka hotelini andikeni jina la hapa, jina la kibotania, na aina au asili ya mbegu mkiijua. Halafu pua irudi kazini. Mkishahakikisha kwa kikombe na mbegu kwamba huu ni Ocimum basilicum, nuseni shina moja moja kitaluni, chagueni lenye harufu anayoitaka mteja, na mlizalishe kwa vipandikizi, si kwa mbegu. Nyuki hawajali mipaka ya vitalu. Mrihani uliopandwa jirani na kivumbasi kidogo unaweza kukupa watoto wasiojulikana wanakoelekea. Na wapishi, jaribuni kivumbasi kikubwa kwenye supu ya pweza yenye pilipili, kidogo tu, mwishoni. Nigeria wanakipika kwenye supu zao tangu enzi, na hakuna anayekirudisha sokoni.

La mwisho ni kwa walimu na vijana. Mkikuta mmea msioweza kuutambua, msichune majani matupu. Kateni tawi lenye ua, na tunda likiwepo, mlibane kati ya magazeti chini ya uzito, mbadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Pembeni andikeni mahali, tarehe, kimo cha mmea, harufu, rangi ya ua lilipokuwa bichi, na jina analoitwa kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na Arusha ipo ya taifa. Fanyeni nakala mbili. Miaka ya 1930 Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea mingi mkoani Lindi, ikiwemo ya Ziwa Lutamba, na seti iliyopelekwa Berlin ilikutwa na moto wa mabomu mwaka 1943 ulioteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ile. Tunayoweza kuiona leo ni ile ambayo nakala zake zilikuwa zimetumwa kwingine. Yenu moja iende Dar es Salaam au Arusha, na moja ibaki hapa Mtwara, kwenye kabati la shule lisiloingia mchwa.